Popo wa Sevilla na Mgeni Mwenye Pete Shingoni

Juma lililopita nilisimamishwa njiani na mzee mmoja pale Kariakoo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha bila kupoteza wakati akaniambia: "Mwanangu, kila mara nakusikia ukiwalaumu kunguru. Lakini kunguru tuliletewa. Hao waliotuletea, huko kwao hakuna ndege aliyewashinda?" Nilimwahidi kwamba nitalitafutia swali lake jawabu. Leo nimekuja nalo, na natumaini yuko karibu na redio yake.

Jawabu ni kwamba ndege huyo yupo. Tena si mweusi wala si wa kuchukiza kumtazama. Ni wa kijani kibichi, mdomo mwekundu, mkia mrefu uliochongoka, na dume ana pete nyeusi iliyochanganyika na waridi shingoni, mithili ya mtu aliyejifunga kitambaa kwenda harusini. Sauti yake peke yake ndiyo inayofanana na ya kunguru kwa kelele. Ndege huyo ni kasuku. Na aliyeonja ukali wa mdomo wake kuliko wengi si binadamu. Ni popo.

Nitawapeleka Sevilla, mji wa kusini mwa Hispania, kando ya mto Guadalquivir. Ni mji wa joto kali kiasi kwamba hata sisi wa Pwani, tuliozoea jasho, tungetafuta kivuli mwezi wa Julai. Na kivuli kipo. Katika mji huo iko bustani iitwayo María Luisa, ambayo jina lake linatokana na binti mfalme aliyeolewa na mwana wa mfalme wa Ufaransa, mwenye cheo cha Montpensier. Bibi huyo na mumewe walikuwa wakiishi katika jumba la San Telmo, na bustani pana za jumba hilo zilikuwa zao na za wageni wao. Mwananchi wa kawaida alizionea juu ya ukuta. Mwaka 1893, akiwa amekwisha kufiwa na mume, bibi huyo aliwapa watu wa mji sehemu kubwa ya bustani zile. Mwaka 1911 fundi wa bustani kutoka Ufaransa, Jean-Claude Nicolas Forestier, akapewa kazi ya kuzipanga upya, na mwaka 1914 zikafunguliwa rasmi kuwa bustani ya umma. Ndipo mwaka 1929 yakafanyika hapo Maonyesho makubwa ya Hispania na nchi za Amerika ya Kilatini, na mjenzi Aníbal González akaacha pale uwanja wa Plaza de España, wenye umbo la nusu mwezi, ambao watalii huupiga picha hadi leo.

Msikilizaji anaweza kuuliza, mabinti wa wafalme na maonyesho vinahusiana nini na popo? Vinahusiana kwa sababu ya miti. Mti haufanyi tundu kwa siku moja. Tawi hukatwa au huvunjika kwa upepo, kidonda hakizibi vizuri, maji ya mvua huingia, kuvu hula moyo wa shina polepole, na baada ya miongo kadhaa panapatikana chumba ndani ya mti ulio hai. Serikali haiwezi kupitisha bajeti ya kujenga matundu ya namna hiyo kabla ya Juni. Yanahitaji muda, na yanahitaji watu wasioukata mti kwa sababu tu umezeeka. Bustani ya María Luisa ilipata vyote viwili. Iko pale miti mikubwa ya kivuli ambayo Wahispania huiita "plátano", na hapa nawatahadharisha wale wanaojua maneno mawili matatu ya Kihispania kwamba mti huo hauna undugu wowote na ndizi. Ni mti mrefu wenye gome linalobambuka vipande vipande, na ukikatwa matawi mara kwa mara, kama ilivyo desturi ya miji ya Ulaya, hujaa matundu. Nyanda zinazouzunguka mji zimelimwa tangu enzi za Warumi na Waarabu, na huko mti wa namna hiyo ni wa kutafuta.

Basi akaingia mpangaji. Wataalamu humwita Nyctalus lasiopterus, nami nitamwita popo mkubwa wa Ulaya, kwa kuwa ndiye popo mkubwa kuliko wote katika bara hilo. Msimdhanie kuwa kama popo wetu wa matunda anayetuamsha usiku kwa ugomvi juu ya mwembe. Popo mkubwa wa Ulaya ana uzito unaokaribia ule wa yai la kuku, ingawa akikunjua mbawa zake hufikia sentimeta 40 na zaidi kutoka ncha hadi ncha. Manyoya yake ni ya rangi ya kutu. Hali tunda. Huwinda angani gizani, akipiga kelele ambazo sikio letu haliwezi kuzisikia na kusikiliza mwangwi unaorudi.

Kuhusu chakula chake kuna kisa kinachostahili kusimuliwa, maana kinaonyesha jinsi elimu inavyokwenda, hatua moja mbele na mabishano mengi nyuma. Mwaka 2001 mtafiti Carlos Ibáñez na wenzake wa Hispania walichapisha jambo ambalo wengi hawakulimeza kirahisi. Walikuwa wamechambua kinyesi cha popo hao, wakakuta manyoya ya ndege. Tena hawakuyakuta mwaka mzima. Yalionekana hasa katika majira yale mawili ambapo ndege wadogo kwa mamilioni huhama baina ya Ulaya na Afrika, wakisafiri usiku. Watafiti wakasema popo huyu huwakamata ndege hao wakiwa angani na kuwala papo hapo. Wengine wakapinga. Walisema huenda popo anameza manyoya yanayoelea hewani kwa kuyadhania wadudu. Mwaka 2007 ukatoka ushahidi wa damu ya popo wenyewe, nao ukaelekea upande wa Ibáñez. Hata hivyo hakuna aliyekuwa ameshuhudia tukio lenyewe, kwa kuwa ni nani atakayepanda juu angani usiku wa manane kumfuata popo? Mwaka 2025 ndipo jambo likafungwa. Popo walivalishwa vyombo vidogo vya kunasa sauti na mwendo, na kimojawapo kikanasa popo akipaa juu sana, akimfukuza ndege mdogo kuelekea chini, kilio cha ndege huyo, kisha ukimya wa kilio, na baada yake dakika 23 za popo akitafuna huku anaruka.

Ibáñez alingoja miaka 24.

Popo hao wa Sevilla hufanya jambo jingine ambalo ni muhimu kwa kisa chetu. Majike hukusanyika katika bustani ile kuzaa na kulea, na kundi lao lilikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi ya popo wa aina hiyo yanayojulikana duniani. Watafiti waliwafuatilia kwa vyombo vya redio wakagundua kwamba hawakai katika tundu moja. Leo wako mti huu, baada ya siku chache wako ule, wanaachana na kukutana, lakini bado ni jamii moja yenye mtaa wake. Ndani ya bustani hiyo zilitambuliwa jamii tatu za namna hiyo, kila moja na eneo lake. Yaani nyumba ya popo hawa ni ujumla wa miti mingi, na tundu moja ni chumba kimojawapo. Usiku hutoka na kwenda makumi ya kilomita kuwinda, hata katika mabwawa ya Doñana karibu na bahari, na alfajiri hurudi mjini. Nadhani wako wasikilizaji wa Mbagala na Gongo la Mboto wanaoyaelewa maisha hayo vizuri, isipokuwa kwao safari ni kinyume.

Sasa tumgeukie kasuku, maana yeye historia yake ni ndefu kuliko ya bustani.

Kasuku huyu mwenye pete ana nyumba mbili za asili. Moja ni Bara Hindi, kuanzia Pakistani hadi Sri Lanka na mbele yake. Nyingine ni hapa Afrika, katika ukanda unaokwenda kutoka Senegal hadi Ethiopia chini ya jangwa la Sahara, na ncha yake ya kusini inagusa kaskazini ya Uganda. Kwa hiyo ni jirani yetu, ingawa si wote tuliokutana naye. Watu wa Ulaya walimfahamu tangu majeshi ya Iskandari wa Makedonia yalipofika Hindi, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Warumi wakamfuga kwa fahari. Mwandishi wao Plinio, aliyekufa mwaka 79, anamweleza kuwa ndege wa kijani kutoka Hindi mwenye mzunguko mwekundu shingoni, na anasema kwamba akifundishwa kusema hupigwa kichwani kwa fimbo ya chuma kwa sababu kichwa chake ni kigumu na pigo dogo halisikii. Sisi tunapomkemea mtoto kwamba anakariri kama kasuku, tushukuru kwamba hatukufuata mtaala wa Plinio.

Kwa karne nyingi kasuku alibaki ndege wa tunduni, wa wakubwa. Kilichobadilika ni ndege ya abiria na mizigo. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ndege wa porini walikuwa wakinaswa Asia na Afrika, wakapakiwa kwa maelfu, wakauzwa madukani Ulaya kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliweza kulipa. Kati ya mwaka 1984 na 2007 kasuku wa aina hii walioingizwa Ulaya kwa biashara iliyoandikwa vitabuni walizidi laki moja. Wanaokufa njiani sizungumzii. Katika wingi huo, wako waliotoroka, na wako waliofunguliwa mlango na wenye nyumba waliochoshwa na makelele. Baadhi yao walikufa kwa baridi. Wengine wakakuta kwamba mji wa Ulaya si mahali pabaya: kuna joto zaidi kuliko mashambani, kuna miti ya matunda na ya maua, kuna vikongwe wanaotupa mbegu, na mwewe ni wachache.

Wapo leo London, Brussels, Amsterdam, Roma na miji mingine mingi. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba walio wengi asili yao ni Pakistani na kaskazini ya India. Waingereza, ambao hawapendi kitu kikose hadithi, wamejitungia kwamba kasuku wao walitoroka mwaka 1951 wakati wa kutengeneza filamu ya The African Queen, au waliachiwa na mpiga gitaa Jimi Hendrix. Hadithi ya kwanza inatuhusu kidogo, kwa sababu filamu ile inahusu vita vya Wajerumani na Waingereza katika nchi hii yetu, na sehemu zake zilipigwa Uganda na Kongo. Lakini wataalamu walioipima hadithi hiyo na ya Hendrix kwa hesabu mwaka 2019 hawakukuta ukweli ndani yake. Kasuku aliyekuwa huru alikwisha kuonekana Uingereza mwaka 1855, kabla ya sinema kubuniwa. Kisa cha kweli hakina nyota wa filamu. Ni maelfu ya watu wasio na majina, kila mmoja na tundu lake lililoachwa wazi.

Katika Sevilla kasuku walianza kuwa wenyeji katika miaka ya 1990. Nisisitize kwamba wako kasuku wa aina mbili katika miji ya Hispania. Yupo mwingine wa kijani, mwenye kifua cha kijivu, aliyetoka Amerika ya Kusini, naye hujenga kiota chake kwa vijiti, kikubwa kama furushi la kuni. Huyo ana makosa yake, lakini kwa popo si mkosaji, kwa kuwa anajenga nyumba yake. Mwenye pete hajengi. Anahitaji tundu katika mti. Wala hana ufundi wa kutoboa shina zima kama kigogota. Anachoweza ni kulipata tundu lililopo, kuguguna kingo zake na kupanua mlango. Huanza kutafuta nyumba mapema, wakati baridi ya Ulaya haijaisha, kabla wengine hawajaamka. Uzito wake ni takriban mara mbili ya ule wa popo. Na ana ule mdomo.

Basi hapo ndipo historia tatu zilipokutana katika tundu moja: ile ya bibi aliyetoa bustani yake, ile ya popo anayehitaji mti mzee, na ile ya biashara ya ndege wa tunduni.

Ugomvi wao si wa chakula. Kasuku hula mbegu na matunda, popo hula wadudu na ndege wahamaji. Wala kasuku hamwui popo ili amle. Watafiti wa kituo cha Doñana na wenzao waliwaona kasuku wakiwashambulia popo katika miti yao, na chini ya miti wakaokota popo waliokufa wakiwa na majeraha ya kuumwa. Saa za kazi ndizo zinazoamua vita hivi. Kasuku yuko macho mchana, popo amelala. Popo aliyeamshwa kwa mdomo saa sita za mchana hana pa kukimbilia, maana nje kuna jua na mwewe, na ndani kuna adui mlangoni. Jike mwenye mtoto ndiyo hali yake mbaya zaidi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Uingereza. Katika muda wa miaka 14 viota vya kasuku katika bustani ya María Luisa viliongezeka mara 20. Katika muda huohuo idadi ya miti iliyokaliwa na popo ilipungua kwa asilimia 81. Naomba tuitafsiri takwimu hiyo kwa lugha ya mtaani: katika kila miti 100 iliyokuwa na popo hapo mwanzo, ilibaki 19. Popo waliosalia walionekana kusogea mbali na viota vya kasuku, wakichagua miti ya pembeni. Na tukikumbuka kwamba nyumba yao ni miti mingi kwa pamoja, tutaona kuwa kilichovunjwa ni mtaa mzima. Popo hana uzazi wa panya. Jike huzaa mara moja kwa mwaka, mtoto mmoja au wawili. Popo mkubwa wa Ulaya amewekwa na wataalamu wa kimataifa katika orodha ya wanyama walio hatarini, na hapo ni pale alipokuwa na ngome yake.

Je, wenye mji walifanya nini? Hapa, ndugu wasikilizaji, nakiri kwamba mambo yanakuwa magumu, na sitajifanya kuwa mwepesi wa kuhukumu.

Sheria zilikuja, lakini zilikuja kwa mwendo wa sheria. Jumuiya ya Ulaya ilizuia kuingiza ndege wa porini mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ikaufanya uzuio huo kuwa wa kudumu. Tazameni, si kwa ajili ya popo wala kwa ajili ya kasuku mwenyewe. Ni kwa ajili ya kuku. Hispania nayo iliwaweka kasuku hawa katika orodha rasmi ya viumbe wavamizi, na tangu mwaka 2013 ni marufuku kuwauza, kuwafuga upya au kuwaachia. Lakini waliokwisha kuruka hawasomi gazeti la serikali.

Ukaja mpango wa kuwapunguza katika mji wa Sevilla kwa bunduki za upepo, zikitumiwa na watu waliofunzwa. Kabla hata utafiti ule wa 2018 haujatoka, watetezi wa wanyama walikuwa wamekwisha kuupinga kwa nguvu, na mpango ukasimamishwa. Hoja yao si ya kipuuzi. Walisema ndege huyu hakujileta, aliletwa kwa faida ya watu, na sasa anahukumiwa kifo kwa kosa la aliyemleta. Kwa upande wa asili ya jambo, wanasema kweli tupu. Mimi ningewauliza jambo moja tu: na popo, yeye alimleta nani? Mpango uliposimama, mauaji katika bustani hayakusimama. Yaliendelea katika matundu, juu kabisa, mahali ambapo hakuna mpiga picha.

Nadhani pia kuna suala la sura. Kasuku ana rangi, huja kwenye baraza kula mbegu mkononi mwa mzee anayeishi peke yake, na hufurahisha watoto. Mwenye sura hakosi wakili. Popo ni nani atakayemtetea? Katika hadithi zetu ndiye yule aliyekataa kuwa ndege ndege walipomhitaji, akakataa kuwa mnyama wanyama walipomhitaji. Na wengi mtakumbuka mwaka 1995, watu wa Pemba na Unguja walivyolala nje makundi makundi kwa hofu ya popobawa, ambaye, kama yupo au hayupo, kwa hakika hakuwa popo. Masikini popo alichangia jina tu.

Hata hivyo katika bahari hii yetu wako watu waliolishughulikia jambo la kasuku hadi mwisho. Visiwani Shelisheli, katika kisiwa cha Mahé, kasuku haohao wenye pete walikuwa wametoroka tangu miaka ya 1970. Hatari yake ni kwamba kisiwa jirani cha Praslin kina kasuku wake mweusi, ndege wa taifa, asiyepatikana porini penginepo duniani, naye hulala katika matundu kama wenzake. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 ikaendeshwa kampeni ya kuwamaliza wageni wale kabla hawajavuka. Waliondolewa 548, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba hakuna aliyesalia. Idadi hiyo si kubwa, lakini ilichukua miaka kadhaa. Wale wa mwisho ndio waliosumbua zaidi, maana ndege aliyeona wenzake wakipigwa hujifunza kuitambua hata sura ya mwenye bunduki. Shelisheli walikuwa na mambo mawili ambayo Sevilla hawana: kisiwa kidogo, na mamia badala ya maelfu.

Kwetu sisi wenye kunguru, hesabu inatisha zaidi. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Walikula taka, kisha wakala mayai, vifaranga na ndege wadogo wa mji. Baadaye wakaenea mwambao mzima, Dar es Salaam, Mombasa, Malindi. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza nia ya kuwaondoa kunguru milioni moja katika mwaka huo. Milioni moja, kutoka katika kikundi kilichoshuka melini. Na taka walizoitiwa bado zipo, asiyeamini apite sokoni saa za jioni.

Lakini tusiseme popo hawezi kurudi. Pemba, ambako jina lake lilichafuliwa, ndiko kwenye mfano mzuri. Popo wa Pemba, yule mkubwa wa matunda anayepatikana kisiwani humo peke yake duniani, aliwindwa kwa ajili ya nyama mpaka mwaka 1996 akahesabiwa miongoni mwa wale wanaokaribia kabisa kutoweka. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kumlinda, pale Kidike na kwingineko, msitu mmoja mmoja. Mwaka 2008 wataalamu wakamshusha kutoka daraja lile la hatari ya mwisho. Adui yake alikuwa binadamu, naye huweza kuitwa kwenye kikao. Kasuku haitiki barua.

Katika bustani ya María Luisa, jua likizama, kasuku hurudi kwa makundi wakipiga kelele, wakigombania matawi ya kulala. Wakishatulia na giza kuingia, popo hutoka katika matundu yaliyobaki, mmojammoja, wakielekea kwenye mabwawa. Kwa dakika chache hizo wote wawili wako angani pamoja, na watafiti husimama chini ya miti wakihesabu wanaotoka. Wanakuwa na usiku mzima kabla ya mapambazuko. Kasuku naye huamka na mapambazuko hayohayo.

Mzee wangu wa Kariakoo, hilo ndilo jawabu. Swali lako la pili, ulilonirushia nikiwa nimekwisha kuvuka barabara, kuhusu nani aliyewaruhusu wauza kasuku wa pale sokoni, nimelisikia pia. Nalitafutia wakati wake.